Shamba la Picha

Kosa kubwa la Angeline Adoyo kazini lilikuwa kuiacha miti ikue. Si miti yote, maana ile ya kuuzwa mbao serikali imeipa ruhusa kamili ya kukua. Aliyoiacha ikue ni miti ya wageni, na miti ya wageni katika Msitu wa Chemorir haikupandwa ili ikue. Ilipandwa ili ipigwe picha.

Ukitoka Eldoret kwa barabara ya kuelekea Sugoi, utafika mahali unapokata kona kuingia kituo cha msitu. Hapo kwenye kona pana kipande cha ardhi tambarare ambacho wafanyakazi wa kituo walikiita Shamba la Picha. Kila mkubwa aliyetaka kupanda mti aliletwa hapo, kwa sababu tenti ilisimama vizuri, magari makubwa meupe yalipata pa kuegeshwa, na viatu vya Nairobi havikuchafuka. Mgeni aliweka mche kwenye shimo alilochimbiwa na mtu mwingine, akaumwagia maji ya chupa, akatabasamu, akaondoka. Kabla vumbi la gari lake halijatulia, mbuzi wa majirani walikuwa wameketi mezani. Mwaka uliofuata nafasi ilikuwa wazi tena, na mgeni mwingine akaja. Wabunge walipanda hapo, mabenki yakapanda, kwaya zikapanda, hata mabinti wa mashindano ya urembo walipanda na visigino vyao virefu. Miche yote ile ingeishi, leo tungekuwa na msitu kuanzia hapo hadi mtaa wa West Indies mjini Eldoret. Lakini ulikuwa mpango mzuri sana, usiomuudhi mtu yeyote isipokuwa miti.

Ndipo akaletwa Adoyo kuwa meneja wa kituo. Alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mwepesi wa kuudhika, na alikuwa amesomea misitu katika chuo cha Chepkoilel. Huko walimwambia kwamba mti hupandwa ili uwe mti, naye akaamini. Mwaka wake wa kwanza, wageni walipoondoka na mbuzi kuanza kukaribia, alizungushia Shamba la Picha seng'enge na miiba. Kisha akampa Mzee Kimutai ruhusa ya kulima viazi katikati ya miche. Huo ni utaratibu wa siku nyingi katika misitu ya serikali: mkulima anapanda chakula kati ya miche, anapalilia vyote viwili, na miti ikikua na kivuli kikafunga, chakula hakizai tena, mkulima anahamia kwingine. Kila mtu anafaidika, mradi mkulima asiamue kwamba anapapenda mahali hapo kuliko serikali inavyopenda miti yake.

Bahati nayo ikasaidia. Miaka miwili iliyofuata wageni walipelekwa kupanda miti kwa jirani, ambako barabara ilikuwa imewekwa lami mpya. Bila kupendwa na mtu mkubwa, miti ya Chemorir ikanawiri. Mierezi, podo na mizeituni mwitu ilifika mtu mzima kifuani. Adoyo alikuwa na tabia ya kupita pale kila asubuhi kabla ya kuingia ofisini, akaigusa miwili mitatu. Aliipenda, na hakuona haya kuipenda. Katika kazi yake yote hicho ndicho kitu pekee alichoweza kumwonyesha mama yake alipomtembelea.

Sasa, nyuma ya kituo kuna mlima, na habari za mlima huo lazima nizieleze ingawa zinanipandisha hasira. Ulikuwa na saipresi iliyokomaa, ikauzwa kwa wenye viwanda vya mbao, nao wakaikata hadi mti wa mwisho. Adoyo hakuwa na ugomvi na hilo. Hakuwa mtu wa kulia kila anaposikia msumeno. Saipresi ile ilipandwa ili iwe milango na vitanda vya watu. Lakini sheria inasema ukikata unapanda. Kukata kulifanyika mlimani, kwa kasi ya ajabu. Kupanda kulifanyika ofisini Eldoret, orofa ya pili, na aliyepanda ni Bwana Lazarus Wabuge, mkuu wa misitu wa kanda, akitumia kalamu. Katika ripoti yake mlima ulikuwa umejaa saipresi changa, asilimia tisini ziko hai. Kwa macho ya kawaida, ambayo hayaendi shule ya kuandika ripoti, mlima ulikuwa na visiki na makorongo, na kila mvua iliponyesha kijito cha chini kiligeuka rangi ya chai ya maziwa. Kilichobaki kikishika maji ni ukanda wa saipresi za zamani zinazoizunguka chemchemi pale chini ya mlima. Hizo kituo kilikataa kuziuza, kwa sababu watu na ng'ombe wote wa upande ule wanakunywa hapo.

Adoyo alikuwa ameandika kuhusu mlima ule mara nyingi. Alijibiwa mara moja tu, kwamba asante kwa ushirikiano wake.

Jumatatu moja ya Februari Bwana Wabuge akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha, na Adoyo alikuwa ameshajifunza kuiogopa furaha ile. Alisema Katibu wa wizara atakuja Ijumaa kupanda miti, na televisheni itakuwepo, na mashimo yaandaliwe pale pa kawaida.

"Bwana Mkuu, pale pamejaa," Adoyo akasema.

"Pamejaa nini?"

"Miti."

Adoyo alisikia gari likipiga honi nje ya dirisha la mkubwa wake, kule mjini.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?" Wabuge akauliza.

Adoyo akaeleza, kwa upole ambao ulimgharimu, kwamba ni msitu na yeye ni meneja wa msitu. Akapendekeza Katibu apelekwe mlimani, ambako hakuna mti hata wa kuning'inizia kofia. Wabuge akamjibu kwamba mlima una miti. Adoyo akasema hauna. Wabuge akasema unayo, yeye mwenyewe aliipeleka Nairobi ikiwa imepigwa muhuri, na hakuna mtu atakayempeleka Katibu kupanda msitu ndani ya msitu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa: mahali patupu hapangeweza kupandwa kwa sababu pamejaa, na mahali palipojaa lazima pafyekwe kwa sababu serikali inataka kupanda miti. Ile miti itolewe kufikia Alhamisi. Na kama madam anaona ni kazi ngumu, kuna kituo kule kaskazini ambacho meneja wake alikimbia joto, na kiti chake bado kiko wazi.

Adoyo alikata simu, akatoka nje, akaenda kusimama katikati ya miti yake. Machozi yalimjia na hakuyapangusa. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeambiwa afute kazi yake kwa mkono wake mwenyewe kisha apige makofi.

Jioni ile Mzee Kimutai akaja kituoni. Huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa msituni, mzee mfupi mwenye koti la suti lililovaliwa shambani mpaka likasahau harusi liliyoshonewa. Sifa zake zilijulikana Chemorir yote. Kila shamba alilopewa kati ya miche ya serikali, miche ilikufa na viazi vikastawi. Alikuwa na mkono: akiupita mche jembe lake likigusa mzizi kidogo tu, mche ungekauka wiki mbili baadaye bila mtu kujua kwa nini, na mzee angekuwa wa kwanza kuusikitikia. Mwenyewe alijigamba kwenye vikao vya chama kwamba katika maisha yake kivuli hakijawahi kumfukuza shambani. Adoyo alimpa lile shamba la kona kwa sababu moja tu, kwamba liko mbele ya dirisha la ofisi yake.

"Chamgei, madam."

"Chamgei, Mzee. Karibu."

Mzee hakuketi. Alisema huyo mkubwa wa Eldoret amempigia simu mwenyewe. Amemwambia aitoe ile miti, na shamba litabaki lake, alime mpaka achoke. Kumwomba Kimutai aue miti kulikuwa ni kumwomba samaki aogelee.

"Na umemwambia nini?"

"Nimemwambia nitafikiria. Mtu mkubwa ukimwambia hapana ana ugonjwa ya presha." Akaitazama miti kupitia mlangoni. "Hizi nimezoea, madam. Nilikuwa nangoja tu usafiri kidogo niziguse, lakini ulikuwa husafiri. Halafu siku moja nikaona ndege amejenga kwa ile podo. Sasa nitatoa namna gani?"

Adoyo akamwambia ukweli, kwamba hata Mzee akikataa, Wabuge ataleta vijana na mapanga. Mashimo lazima yaonekane Ijumaa. Wageni lazima wapande kitu.

Kimutai akaketi sasa. Alivua kofia na kuanza kucheka polepole, kicheko cha ndani kilichotikisa mabega tu. Akamkumbusha, kama siri ambayo kituo kizima kilikuwa kinaijua, jinsi wakulima walivyowapokea wakaguzi siku za nyuma. Mkaguzi akitangazwa kesho, leo jioni watu walikata matawi ya saipresi na kuyachomeka ardhini mstari kwa mstari. Mkaguzi alipita na gari, akaona kijani, akaandika kwamba miche inaendelea vizuri. Kufikia Jumapili matawi yalikuwa kuni.

"Miaka hiyo yote tumewaonyesha matawi tukasema ni miti," mzee akasema. "Sasa tuwaonyeshe miti tuseme ni miche."

Ulikuwa upuuzi mtupu. Ndiyo maana Adoyo akajua utakubalika.

Alhamisi nzima walifanya kazi: Adoyo, Kimutai, Cherono askari wa msitu, na akina mama wa chama. Viazi vilikuwa vimeshavunwa, kwa hiyo ardhi ilikuwa tupu kati ya miti. Walichimba duara jepesi kuzunguka kila mti, wakaangalia sana wasiguse mizizi. Walirudisha udongo ukiwa mbichi, wakaukusanya vizuri shinani kama unavyokusanywa siku ya kupanda, wakamwaga maji. Kitaluni waliokota mifuko myeusi ya miche, wakaipasua na kuitupa huku na huku ionekane kazi imefanyika. Walichomeka vibao vya majina. Kimutai alizunguka akikagua, na kwa mara ya kwanza ujuzi wake wote wa kudanganya ulikuwa unafanya kazi upande wa miti. Cherono, aliyekuwa kijana na mwenye mdomo mwepesi, alisimama akashika kiuno.

"Madam, hii ni noma," akasema. "Mtu akishtuka tumeisha."

Adoyo akamwambia asiwe na wasiwasi. Katika miaka yote ya Shamba la Picha hakuna mgeni aliyewahi kuutazama mti. Wote hutazama kamera.

Ijumaa ikafika na jua la kupasua kichwa. Mtu wa kawaida hupanda mti mvua ikianza. Wizara hupanda mti Katibu akipata nafasi. Tenti ilisimamishwa mahali pake pa kila mwaka, mgongo wake ukiwa umeelekea mlimani na uso wake barabarani, na kama kulikuwa na sababu ya kuisimamisha hivyo hakuna aliyeitaja. Mchungaji aliomba kwa kirefu, akiombea hata mvua, huku miavuli ikifunguliwa kwa ajili ya jua. Katibu alipewa mursik, maziwa ya mgando yenye masizi, kwenye kibuyu, akanywa, akajipangusa masizi mdomoni, akasema tamu. Alikuwa mwanamume mnene mchangamfu, aliyewahi kuwa mrusha tufe chuoni na bado alipenda watu walijue hilo.

Bwana Wabuge alishuka kwenye gari la pili. Akaiona miti imesimama pale pale, ikifika kifuani, kijani kibichi. Uso wake ulipoteza rangi iliyokuwa nayo. Alikuwa anamwendea Adoyo kwa hatua za mtu anayekwenda kufukuza mtu kazi, lakini Katibu alimtangulia.

"Miche mizuri hii," Katibu akasema. "Hii ndiyo inatoka kwa kitalu chenu?"

Wabuge hakufika orofa ya pili kwa kuchelewa kuelewa mambo. Alisimama, akatazama udongo mbichi, mifuko iliyopasuka, na Mzee Kimutai aliyekuwa anaangalia mawingu yasiyokuwepo. Tabasamu likarudi.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema. "Ni mbinu yetu mpya hapa kanda. Miezi minne tu."

Katibu alishikishwa kijiko cha kuchotea udongo, akaongeza kiganja kimoja shinani mwa mwerezi ulioandikwa jina lake, akaumwagia maji ya chupa, akaukumbatia begani kama mtoto wa dada yake. Kamera zikafanya kazi zao. Kila mgeni alipata mti wake. Hakuna aliyechafuka, hakuna aliyeinama sana, na watu wakasema hawajawahi kuona upandaji uliopangwa vizuri hivyo. Wabuge alipita karibu na Adoyo akamnong'oneza kwamba kuna nafasi ya naibu wake pale Eldoret, na yeye ni mtu anayekumbuka wema. Adoyo alijiona mshindi. Miti yake ilikuwa imepandwa mara ya pili bila kung'olewa, na sasa ilikuwa na majina ya watu ambayo hakuna panga lingethubutu kuyagusa. Alikaribia kucheka kwa raha.

Kisha Katibu akashika maikrofoni.

Alianza na salamu, kwa vyeo, mpaka vyeo vikaisha. Akausifu mkoa, akaisifu mursik, akamsifu Wabuge kwa jina. Halafu akasema ameona kitu leo ambacho kitabadilisha biashara ya mbao nchini.

"Mti unafika kifua kwa miezi minne," akasema. "Sisi huko Nairobi tumekalia hesabu ya zamani, ati saipresi ni miaka thelathini ndio uvune. Tunangoja nini? Ile saipresi mzee iko kule kwa chemchemi, nimeambiwa imekataliwa kuuzwa. Kuanzia wiki ijayo iuzwe. Ikatwe yote, tupande hii mpya, na miaka michache tu tunavuna tena."

Wenye viwanda vya mbao, waliopewa viti vya mbele, walisimama kupiga makofi. Wabuge alipiga makofi pia, ingawa macho yake hayakuwa na uhakika.

Adoyo hakupiga. Alikuwa amesema uongo mmoja mdogo ili kuokoa nusu ekari kando ya barabara, na uongo huo ulikuwa umeketi mezani na uongo wa Wabuge wakakubaliana kuikausha chemchemi. Aliwatazama akina mama wa chama waliochota maji ya shughuli ile asubuhi hiyo hiyo, kutoka chemchemi hiyo hiyo. Hawakuwa wanapiga makofi. Walikuwa wanamtazama yeye.

Mshereheshaji wa shughuli, kijana mmoja wa redio, akatangaza kwamba sasa meneja wa kituo atatoa neno la shukrani. Njia kutoka kiti chake hadi kwenye maikrofoni ilikuwa fupi, lakini ilimtosha kuona yote. Akishukuru na kuketi, miti yake iko salama, na kiti Eldoret kiko tayari. Akisema, basi ni kaskazini kwenye joto, na pengine hata miti yenyewe isipone. Aliogopa kweli.

"Mheshimiwa, asante kwa kuja," akasema. "Naomba kitu kimoja kabla hujaondoka. Ule mti umepanda saa hii, tafadhali ung'oe."

Watu wakacheka. Katibu naye akacheka, akauliza kwa nini ang'oe mti wake mzuri.

"Mche uliopandwa leo unatoka kwa mkono mmoja," Adoyo akasema. "Hata mtoto anautoa. Wewe jaribu tu, tutaurudisha."

Labda mtu mwingine angekataa. Lakini huyu alikuwa amewahi kurusha tufe, na kamera zilikuwa zimeshageuka. Akaenda kwenye mwerezi wake akitabasamu, akaushika kwa mkono mmoja, akavuta. Mwerezi ukainama kidogo kwa adabu, ukarudi mahali pake. Akaushika kwa mikono miwili. Akavua koti akampa mlinzi. Akatanua miguu, akavuta mpaka shingo ikavimba na kifungo kimoja cha shati kikaruka, na mti ukabaki umesimama na jina lake kifuani. Vicheko vilikuwa vimekoma. Kilichosikika ni pumzi za Katibu wa wizara na, mahali fulani nyuma, Mzee Kimutai akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Huu mti umeshika," Katibu akasema hatimaye, akihema.

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kusemwa Chemorir siku hiyo. Adoyo akalishika hapo hapo.

"Umeshika kwa sababu una zaidi ya miaka miwili hapo. Tuliambiwa tuukate ili wewe upande. Tukashindwa kuukata, tukakudanganya, na mimi ndiye niliwaambia watu wafanye hivyo. Hakuna mti wa miezi minne. Ukiuza saipresi ya chemchemi, hakuna kitu kitakuja haraka kushika hayo maji. Na kama unafikiri nasema uongo tena, geuka tu nyuma ya tenti."

Katibu akageuka. Watu wote wakageuka, na viti vikalia. Mlima ulikuwa pale, mkubwa, mwekundu, na mtupu, na ulikuwa umekaa nyuma ya migongo yao tangu asubuhi. Katibu aliutazama kwa muda, kisha akamtazama Bwana Wabuge, ambaye alikuwa amegundua kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa.

"Ule ndio wa asilimia tisini?" akauliza.

Wabuge aliendelea kufunga kiatu. Hakikuwa na kamba.

Yaliyofuata yalifuata taratibu za serikali. Video ya Katibu akipigana na mwerezi ilizunguka kwenye simu za nchi nzima kabla msafara wake haujafika uwanja wa ndege, na wizara ikatoa taarifa kwamba Mheshimiwa alikuwa akipima uimara wa mizizi. Uuzaji wa saipresi ya chemchemi uliahirishwa ili utafiti zaidi ufanyike, na unaendelea kufanyika hadi leo, na Mungu auongezee muda. Bwana Wabuge aliadhibiwa vikali: alipelekwa kozi ya kuandika ripoti, kwenye hoteli ya pwani. Wataalamu wakaja kutoka Nairobi, wakalala Eldoret kwa starehe, na asubuhi moja wakapanda mlimani na vifaa vya kisasa. Waliporudi walithibitisha kwamba hakuna miti. Ng'ombe wa Chemorir walikuwa wamelijua hilo kwa miaka, lakini ng'ombe hawana muhuri. Ndivyo mlima ulivyokubaliwa rasmi kuwa mtupu, na kwa kuwa ni mtupu, sasa unaweza kupandwa.

Adoyo alipata barua mbili siku moja. Ya kwanza ilimpongeza kwa uadilifu. Ya pili ilimhamishia kaskazini.

Hakuruhusiwa kuuona mlima ukipandwa, na hilo lilimuuma kuliko uhamisho wenyewe. Asubuhi ya kuondoka aligusa miti yake miwili mitatu, kama kawaida, akapanda gari bila kugeuka. Kule kaskazini alikabidhiwa msitu ambao kwa ripoti ulikuwa mnene. Aliutafuta, akapata migunga michache na ngamia waliokuwa wakiimalizia. Akaketi chini ya mgunga mmoja, akaanza kuandika barua.

Mvua mbili ndefu zilikuwa zimepita alipoitwa kwenye ofisi ya basi kuchukua mzigo uliotoka Eldoret. Lilikuwa gunia dogo lililoshonwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na viazi, na vilikuwa vibaya kuliko viazi vyote alivyowahi kuona, vidogo kama gololi, vingine vya kijani. Alisimama pale kwenye vumbi akampigia Mzee Kimutai, akijiuliza kama mzee ameanza kuugua.

Mzee alikuwa mzima. Kwanza akampa habari za mlimani: chama kimegawiwa mashamba huko, miche imeshika, mpaka sasa hajagusa hata mmoja, ingawa mkono unamwasha. Kijito kimeanza kurudi rangi yake. Adoyo akauliza basi hivi viazi vimetoka wapi, maana mlima ule una udongo mzuri.

"Hizo ni za pale kwa kona," Kimutai akasema. "Mavuno ya mwisho. Hakuna kitu inamea hapo tena, miti zimeshikana huko juu, jua haiingii." Kisha sauti yake ikawa ya mtu anayetangaza ndoa ya binti yake. "Madam, kivuli imenifukuza."